Maneno ya 1906 ndani ya Sheria ya 1973

Anayesoma sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 peke yake aweza kudhani kwamba kifungu cha 53, kinachofanya ardhi kuwa mali ya Serikali tu, kilizaliwa siku ile. Tukifungua magazeti rasmi ya zamani, twaona sivyo. Tarehe 1 Julai 1885, wakati wa Leopold II, amri ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Serikali. Isiyo na mwenyewe! Hata msitu wa kuwinda na shamba lililopumzishwa viliweza kuhesabiwa humo.

Amri ya tarehe 3 Juni 1906 ikaeleza ardhi ya wenyeji kuwa ile wanayoikaa, wanayoilima au wanayoitumia kwa namna yoyote kufuatana na desturi zao. Sasa tuweke kando yake kifungu cha 388 cha sheria ya 1973: maneno ni karibu yale yale. Lakini mkoloni aliyatumia kuonyesha sehemu aliyomwachia mwanakijiji, kumbe kifungu cha 387 chaifanya sehemu hiyo nayo kuwa ardhi ya Serikali.

Kifungu cha 389 kiliahidi kwamba Rais wa Jamhuri atapanga kwa amri haki za wanavijiji. Makumi ya miaka yakapita, amri haikutoka. Mgeni alipofika na cheti cha uandikishaji kutoka mjini, chifu alikuwa na desturi tu ya kumjibu.