Mtazamaji si Mjinga



Yapo maneno yanayosemwa mara kwa mara hapa Njoro, na katika miji yetu mingine, kila unapozuka ubishi juu ya michezo ya kuigiza. Husemwa kwamba watu wetu hawataki mchezo mzito. Wape kichekesho cha mlevi na mkewe, wape ngoma ya kukata kiuno, watajaa hadi mlangoni. Lakini waletee mchezo wa nyimbo na mafumbo, unaouliza nani kamla nani, nao wataondoka mmoja mmoja wakipiga miayo. Na wakicheka mahali ambapo mtunzi alitaka walie, basi huo ni ushamba.

Leo nataka tuyapime maneno hayo kwa mizani ya historia. Hatuna haja ya kwenda mbali. Tutavuka mpaka wa Holili tu, twende kwa majirani zetu wa Kenya, kati ya mwaka 1976 na 1982.

Mwezi Oktoba 1976, michezo miwili ya Wakenya iliomba nafasi katika ukumbi wa taifa wa maonyesho mjini Nairobi, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1952, zama za mkoloni. Mmoja ulihusu kesi ya Dedan Kimathi, ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo. Wa pili ulikuwa wa Francis Imbuga. Ilipewa siku chache tu, ikabanwa katikati ya maonyesho ya wageni, likiwamo moja la muziki na vichekesho lililotungwa Marekani. Usiku wa kwanza wa mchezo wa Kimathi, watazamaji hawakusubiri kupiga makofi na kwenda zao. Waliungana na waigizaji katika wimbo wa mwisho, wakatoka nao wakicheza na kuimba hadi barabarani.

Mwaka uliofuata mambo yalihamia kijijini. Kamiriithu ni kijiji cha Limuru, cha vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu. Wanakijiji walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi, lenye nafasi ya kukaa watu wapatao elfu mbili. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliwaandikia kwa Kikuyu mchezo wenye nyimbo nyingi, Ngaahika Ndeenda, ambao kwa Kiswahili unajulikana kama Nitaolewa Nikipenda. Unamhusu mzee maskini, mwenye kiploti kimoja tu cha ardhi, anayeshawishiwa na tajiri kufunga ndoa ya kanisani, na mwisho wake anakipoteza hata hicho kiploti.

Hapa ndipo penye somo, ndugu msikilizaji. Mazoezi yalifanywa hadharani. Watu walikaa wakatazama, wakakosoa. Mzee husemi namna hiyo! Kibarua hasimami hivyo mbele ya tajiri! Bibi mmoja asiyejua kusoma wala kuandika ndiye aliyewafundisha wasomi wa Chuo Kikuu maneno ya majibizano ya nyimbo za harusi ya kale. Mchezo ulipofunguliwa Oktoba 2, 1977, wapo watazamaji waliokwisha kuyajua maneno yake kwa moyo. Baada ya wiki sita serikali iliupiga marufuku, na Desemba 31 mwaka huo Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Alitoka Desemba 1978.

Wanakijiji hawakukoma. Mapema mwaka 1982 walitayarisha mchezo mwingine, Maitu Njugira, maana yake Mama Niimbie. Huu ndio ulikuwa mchezo wa muziki hasa. Ulisimulia miaka ya 1920 na 1930, wakati mwanamume Mwafrika wa Kenya alipolazimishwa kutembea na kipande shingoni, ndani ya kikopo cha bati, kama kengele ya mbuzi. Wazee wetu wa mashamba ya mkonge wanalijua neno kipande, ingawa chao kilikuwa kadi ya kuhesabia siku za kazi. Nyimbo za mchezo huo zilitoka katika lugha za makabila kadhaa ya Kenya, siyo Kikuyu peke yake.

Ulipangwa kuonyeshwa katika ukumbi ule ule wa taifa, mwezi Februari. Kibali kiliombwa, jibu halikuja. Waigizaji walipofika walikuta milango imefungwa na polisi wapo. Wakahamia katika ukumbi mmoja wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakasema wanaendelea na mazoezi tu. Basi watu wakaja kutazama mazoezi! Walitoka mjini na vijijini, wengine wakikodi mabasi, wakajaa vitini, ngazini na madirishani. Ngugi ameandika kwamba katika mazoezi yapatayo kumi walipita watu zaidi ya elfu kumi. Wapo wasiojua Kikuyu waliofuata kisa kwa nyimbo, ngoma na vitendo. Mtafiti wa Sweden, Ingrid Björkman, alitoa mwaka 1989 kitabu kizima juu ya mchezo huo na watu waliouona.

Kisha na chuo nacho kikafunga mlango. Mwezi Machi 1982 kibali cha kituo cha Kamiriithu kilifutwa, polisi wakaja, jukwaa likabomolewa.

Sasa natuulizane. Kama kweli mchezo mzito watu hawauelewi, kufuli lilikuwa la nini? Hakuna serikali inayopoteza polisi kuwazuia watu wasitazame kitu wasichokielewa. Kufuli lile lilikuwa cheti: aliyelifunga alithibitisha kwamba mtazamaji ameelewa, tena ameelewa sana. Mambo yalikuwa ya miaka ya 1930, lakini kila aliyekaa pale alijua anaambiwa habari za leo.

Sisi wa Moshi hatukuweza kwenda kuona. Mpaka ulifungwa Februari 1977, haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Lakini tusijifiche nyuma ya mpaka. Huku kwetu hatukubomoa majukwaa. Tulizoea zaidi kuimba sifa, na wenye kuimba sifa hawahitaji kufungiwa mlango. Michezo yetu mizito tuliipeleka darasani. Vijana wanaijua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, kwa sababu ya mtihani. Wangapi wameiona jukwaani? Tumemnyima mtu chakula, kisha tunamcheka kwamba hajui kula.

Na kile kicheko cha mahali pa kulia tusikidharau. Mtu anaweza kucheka kwa sababu amejiona, na akaona haya. Hata kwenye kilabu cha mbege, mwenye kucheka kwa nguvu huenda ndiye aliyeguswa.

Lakini mtazamaji naye ana deni. Watu wa Kamiriithu hawakukaa kungoja kuburudishwa. Walibeba miti ya jukwaa, wakawakosoa waandishi. Mwenye kulalamika kwamba michezo ni mibovu, naye hajawahi kukaa katika mazoezi hata ya vijana wa mtaa wake, analalamikia shamba ambalo hakulilima.

Mwezi Mei 2022, Ngaahika Ndeenda ulionyeshwa katika ukumbi ule ule wa taifa wa Nairobi, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Ngugi wa Mirii alikuwa amekwisha kufariki Zimbabwe mwaka 2008. Ngugi wa Thiong'o naye alifariki Marekani, Mei 28, 2025. Jukwaa la Kamiriithu ndilo halikurudi. Mahali pake palijengwa shule ya ufundi.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, siku nyingine ukisikia mtu anasema watu wa Njoro hawawezi mchezo mzito, muulize swali moja tu: ni lini waliulizwa?