Rilei ya ulinzi ikikosa umeme, mtambo uzimwe au uendelee?

RILEI ya ulinzi ni kifaa kidogo kinachopima mkondo wa umeme, volteji au joto la mtambo, na hali ikiharibika huamuru swichi kuu ikate umeme. Lakini kifaa hicho nacho huhitaji umeme. Je, kikiukosa?

Kuna mipango miwili. Katika wa kwanza, koili ya rilei hupewa umeme muda wote mambo yakiwa shwari, na hatari ikitokea huachilia. Hivyo basi fyuzi ikiungua au waya ukikatika, mtambo huzimika kana kwamba pametokea hitilafu. Katika mpango wa pili koili hulala bila umeme hadi siku ya hatari. Kasoro yake ni kwamba rilei iliyokufa haijitangazi. Mota huendelea kuzunguka bila mlinzi.

Wazo la mpango wa kwanza ni la kale. Mnamo 1872, Mmarekani William Robinson alipata hataza ya saketi iliyopitisha umeme kwenye reli zenyewe ili kuishikilia rilei. Garimoshi lilipoingia, rilei iliachilia na ishara ikaonyesha hatari. Betri ikiisha au reli ikivunjika, ishara huwa ile ile.

Pampu ya kisima cha maji yenye mota ya fezi tatu huhitaji mpango huo. Fezi moja ikipotea, mota hulazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi kwenye mbili zilizobaki, na koili zake huungua.

Si kila mahali, hata hivyo. Katika vituo vikubwa vya umeme swichi hukatwa kwa nguvu za betri, kwa mpango wa pili, kwani haifai mji mzima uingie gizani kwa sababu ya fyuzi moja. Badala yake saketi hiyo huchunguzwa saa zote, na kengele hulia ikikatika. Pampu ya kuzima moto nayo, ni heri iungue ikifanya kazi.

Matatizo mengi huzuka rilei inapobadilishwa. Mpya huenda ikawa imewekwa katika mpango tofauti, mota ikakataa kuwaka, na fundi mwenye haraka akaunganisha waya kuiruka kabisa. Fundi makini huchomoa fyuzi ya rilei mota ikizunguka bila mzigo, kisha hutazama kama itasimama.