Sabili ya Cairo: Maji Chini, Qur'ani Juu

Neno sabili si geni kwetu sisi watu wa pwani. Mtu akitoa kitu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu bila ya kutaka badala, husemwa amekisabilia. Asili ya neno ni Kiarabu, na maana yake ni njia. Ama watu wa Misri, wao wameliongezea maana nyingine. Kwao sabili ni jengo lililowekwa kando ya njia ili mpita njia apewe maji ya kunywa, bure, awe tajiri au maskini, mwenyeji au mgeni.

Katika mji wa Cairo majengo ya namna hii yalikuwa mengi. Mojawapo lililo mashuhuri ni sabili ya Abdul-Rahman Katkhuda, iliyojengwa mwaka 1744, sawa na 1157 Hijria. Imesimama katika njia ya al-Mu'izz, njia kuu ya mji wa kale, mahali njia inapogawanyika mbili. Kwa hiyo jengo lina nyuso tatu zilizo wazi, na mtu atokaye upande wowote hulikuta mbele yake. Hata mahali pake palichaguliwa kwa hekima: kiu isimtafute mtu wa kuiuliza maji yako wapi.

Chini kuna chumba cha maji chenye madirisha matatu makubwa ya tao, yaliyopambwa kwa marumaru za rangi na kufungwa kwa kimia cha chuma. Ndani kuta zimevikwa vigae vya rangi, na kimojawapo cha vipande hivyo kina picha ya Makka na Al-Kaaba. Juu ya chumba hicho kuna ukumbi wa mbao ulio wazi, upepo ukipita huku na huku. Hicho ndicho chuo, mahali walipofundishwa watoto, hasa mayatima, kusoma na kuandika na kuhifadhi Qur'ani. Maji chini, Qur'ani juu.

Sasa tutazame maji yenyewe yalikujaje, maana pale hapakuwa na chemchemi. Visima vya Cairo vilikuwa na maji ya chumvichumvi, na maji matamu yalikuwa ya mto wa Nile. Mto ulipofurika, wachukuzi wa maji waliyapakia katika viriba vya ngozi juu ya ngamia, wakayaleta mjini na kuyamimina katika birika kubwa lililo chini ya sabili. Yakakaa humo katika kivuli na baridi. Kila siku mtumishi wa sabili, aitwaye muzammilati, aliyateka na kuyatia katika vihodhi vya marumaru kwenye madirisha. Katika sabili nyingi maji yalipitishwa kwanza juu ya bamba la marumaru lililochongwa mawimbi mawimbi, ili yapigwe na hewa na kupoa. Mpita njia alipewa kikombe, akanywa, akasema Alhamdulillahi, akaenda zake.

Ndugu msomaji, hayo yote yalihitaji mali. Ngamia wanakula, wachukuzi wanalipwa, birika lataka kusafishwa kila mwaka, vikombe vinapotea, mwalimu ana watoto wake, na yatima anataka nguo. Ndiyo maana mwenye kujenga sabili hakuacha jengo peke yake. Aliweka wakfu maduka, nyumba au mashamba, na kodi yake ikaandikiwa kazi hiyo. Hati za wakfu zilieleza mshahara wa kila mmoja, hata sifa za muzammilati: awe msafi, mwenye afya, na mwenye kauli njema kwa watu. Basi jengo ni mdomo tu. Tumbo lake ni wakfu.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema amwombeaye. Tazama jinsi sabili ilivyojengwa juu ya mafundisho hayo. Maji ni sadaka, chuo ni elimu, na ilikuwa desturi ya mayatima wa vyuo hivyo kumwombea dua aliyewajengea, kama watoto wamwombeavyo baba yao.

Abdul-Rahman alikuwa mkuu wa askari wa Janissari. Alijenga mengi, akaupanua hata msikiti wa al-Azhar. Lakini mwaka 1765 Ali Bey alimhamisha kwa nguvu akampeleka Hijazi, akakaa huko zaidi ya miaka kumi. Alirejea 1776 akiwa mzee dhaifu, akafa muda si mrefu, akazikwa al-Azhar. Cheo kilimtoka angali hai. Maji yake yakaendelea kunyweka.

Kisha zikaja siku nyingine. Katika karne ya 19 serikali ya Muhammad Ali ilitia mkono katika ardhi nyingi za wakfu, na baadaye kidogo maji ya bomba yakaingia mjini. Sabili moja baada ya moja zikanyamaza. Leo ya Katkhuda ingali imesimama, wageni huja kuitazama na kuipiga picha, lakini muzammilati hayupo dirishani.

Bomba si baya. Maji yaliyofika nyumbani ni neema. Lakini mafunzo yamebaki, nayo yanatuhusu. Wangapi miongoni mwetu huchimba kisima cha msikiti, tukasoma dua, kisha mwaka wa pili pampu ikaharibika asipatikane wa kuitengeneza? Anayechimba kisima na akiwekee chumba kimoja cha kupangisha, au minazi michache, mapato yake yawe ya kukitunza. Na wewe uliyekabidhiwa wakfu, jua kwamba nyuma ya kodi ile yumo maiti kaburini anayengojea thawabu zake. Atakayeila kwa dhulma amemwibia walio hai maji yao, na aliyekufa amemkatia mfereji wake.

Wabillahi tawfiq.