Gari la kasi: Lisukumwe na magurudumu yote au ya nyuma pekee?

MNUNUZI anayetafuta gari la kasi humu nchini aghalabu hujikuta kati ya mawili: Subaru yenye turbo, ambayo injini yake huzungusha magurudumu yote manne, au Toyota Mark X, ambayo kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma pekee.

Yote mawili huletwa kutoka Japani yakiwa yametumika, yote yana mwendo, na kila moja lina watetezi wake sugu katika gereji na vijiwe vya mazungumzo.

Ubishi huo huwa mkali, lakini sehemu yake kubwa hujengwa juu ya dhana potovu: kwamba gari la magurudumu yote ni salama zaidi katika kila hali, na kwamba lile la nyuma ni hatari kila mvua inapotanda. Faida za mfumo wa magurudumu yote ni za kweli, ila zina mipaka, na dereva asiyeijua mipaka hiyo huenda akailipia kwa fedha au kwa maisha.

Jambo la kwanza ni kuelewa kazi ya tairi. Kila tairi ina kiasi fulani tu cha uwezo wa kushika barabara, na kiasi hicho hugawanywa kati ya kazi tatu: kulisukuma gari mbele, kulipinda kwenye kona na kulisimamisha. Tairi inayotumia uwezo wake wote kusukuma haibakishi chochote cha kupinda.

Katika gari la mfumo wa nyuma, kazi hizo zimegawanywa vyema. Magurudumu ya mbele hupinda, ya nyuma husukuma. Ndiyo sababu usukani wa gari kama hilo huwa mwepesi na humpa dereva hisia ya kile kinachotendeka barabarani. Isitoshe, gari linapoongeza kasi uzito wake huegemea nyuma, pale pale penye magurudumu yanayosukuma. Kwenye lami kavu, mpango huu hauna kasoro kubwa, na ndio maana kampuni kama BMW na Mercedes-Benz ziliung'ang'ania kwa miongo mingi.

Matatizo huanza barabara inapoteleza. Dereva akikanyaga mafuta katikati ya kona, tairi za nyuma hulemewa na mkia wa gari hutoka nje. Dereva mgeni hushtuka, huondoa mguu ghafla au hukanyaga breki kwa nguvu, uzito ukarudi mbele kwa kishindo na mkia ukazidi kutoka. Kinachotakiwa ni kupunguza mafuta polepole na kugeuza usukani upande ule ule mkia unakoelekea. Ni jambo rahisi kulisema. Kulitenda katika nusu ya sekunde kunahitaji mazoezi.

Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kompyuta ya kudhibiti utelezi, ambayo hufunga breki ya gurudumu moja moja na kupunguza nguvu za injini hali inapoharibika. Kitufe cha kuizima kipo, na vijana wengi hukifahamu kuliko wanavyofahamu presha ya tairi zao.

Mfumo wa magurudumu yote hugawa nguvu za injini mara nne badala ya mbili. Kila tairi hubeba mzigo mdogo zaidi, kwa hivyo gari huondoka bila kuteleza hata kwenye lami iliyoloa au barabara ya changarawe. Katika mlima wa udongo mwekundu baada ya mvua ya masika, kule Murang'a au Kisii, tofauti hiyo huonekana wazi: gari moja hupanda, lingine husubiri wanakijiji walisukume.

Hata hivyo, faida hiyo ni ya kuondoka na kuongeza kasi. Katika kusimama, haipo. Kila gari, liwe la mfumo gani, hufunga breki kwa magurudumu yote manne. Subaru na Mark X zikiwa na tairi zinazolingana na mwendo ule ule, hazitofautiani kwa sababu ya mfumo wa kusukumwa zinapojaribu kusimama nyuma ya lori lililozimika gizani.

Hapa ndipo penye hatari ambayo watetezi wa magurudumu yote huigusia kwa nadra. Gari la mfumo wa nyuma humwonya dereva wake mapema. Anapoondoka kwenye makutano ya barabara na magurudumu yakazunguka bure, hujua papo hapo kwamba barabara inateleza na hupunguza mwendo. Gari la magurudumu yote huondoka kimya, kana kwamba barabara ni kavu. Dereva hufikia kasi kubwa bila kupata onyo lolote, na huugundua utelezi anapohitaji breki au anapoingia kwenye kona. Wakati huo mashine zote za kugawa nguvu hazimsaidii kitu.

Kwa Subaru kuna jambo la ziada. Injini yake imelala mbele ya ekseli ya mbele, na uzito huo huvuta pua. Ikiingizwa kwenye kona kwa kasi mno, hukataa kupinda na kwenda moja kwa moja mbele. Kosa hili ni jepesi kurekebisha kuliko la mkia kutoka, kwa kuwa kuondoa mguu kwenye mafuta polepole hutosha mara nyingi. Lakini mtaro hauulizi gari lilitangulia kwa pua au kwa mkia.

Ushahidi wa kuvutia zaidi kuhusu suala hili uko katika historia ya mbio za magari za Safari Rally, zilizoanza mnamo 1953.

Audi ilizindua gari lake la Quattro mnamo 1980 na kwa muda mfupi likabadilisha mashindano ya dunia. Kufikia 1982 kampuni hiyo ilikuwa imetwaa ubingwa wa watengenezaji. Wengi waliamini kwamba enzi ya magari ya kusukumwa nyuma ilikuwa imefika ukingoni. Safari ilikataa. Mnamo 1983 Ari Vatanen alishinda kwa Opel Ascona 400, gari la mfumo wa nyuma. Miaka mitatu iliyofuata ikawa ya Toyota Celica, nalo pia la mfumo wa nyuma: Björn Waldegård akashinda mnamo 1984 na 1986, na Juha Kankkunen mnamo 1985.

Ilibidi kusubiri hadi 1987 ndipo Hannu Mikkola, akiendesha Audi 200 Quattro, akaipa mfumo wa magurudumu yote ushindi wake wa kwanza katika Safari. Sababu ya kuchelewa huko haikuwa siri. Mbio hizo zilikuwa ndefu na zenye kuvunjavunja magari, na gari lenye sehemu chache lilikuwa na vichache vya kuharibika.

Mambo yalipogeuka, yaligeuka kabisa. Lancia, Toyota, Mitsubishi, Subaru na Ford zilizoshinda baadaye katika mashindano ya dunia zilisukumwa na magurudumu yote. Ian Duncan alishinda kwa Celica mnamo 1994, na Colin McRae akaipa Subaru Impreza ushindi mnamo 1997. Mapenzi ya Wakenya kwa Subaru yana mizizi katika miaka hiyo, na si ajabu kwamba hadi leo wapo wanaonunua gari la kwenda kazini wakiwa na picha ya McRae akilini.

Mnunuzi wa gari lililotumika anapaswa kukumbuka sehemu zote mbili za historia hiyo. Gari la magurudumu yote hushinda likiwa zima, na kulitunza liwe zima ndiko kunakogharimu.

Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna difu ya katikati au kifaa kingine cha kugawa nguvu. Kifaa hicho hutarajia tairi zote nne zizunguke kwa kasi inayokaribiana. Tairi moja mpya ikiwekwa pamoja na tatu zilizochakaa, mzingo wake huwa mkubwa, na kifaa hulazimika kufanya kazi bila kupumzika, kikapata joto na hatimaye kuungua. Subaru huelekeza kwamba tofauti ya mzingo kati ya tairi isizidi robo ya inchi. Kwa hivyo mwenye gari hilo akipasua tairi moja kwenye shimo, huenda akalazimika kununua nne. Mwenye Mark X hununua mbili, na wakati mwingine moja.

Tairi ya akiba pia huleta balaa. Magari mengi ya Japani huja na tairi nyembamba ya dharura. Kuendesha Subaru umbali mrefu na tairi hiyo ni kuiharibu makusudi. Baadhi ya Subaru za zamani zenye gia za kujiendesha zina mahali pa kuweka fyuzi, karibu na injini, ambayo huzuia nguvu kwenda nyuma kwa muda. Ni wamiliki wachache wanaoifahamu. Vilevile gari la magurudumu yote linapoharibika njiani halifai kukokotwa magurudumu mawili yakiburuzwa chini. Hubebwa lote juu ya lori, na bei ya lori hilo si sawa na ya kamba.

Uzito wa ziada wa shafti na difu huongeza matumizi ya mafuta kwa asilimia chache, ingawa kwa gari la turbo mguu wa dereva ndio huamua zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi wa Nairobi na maeneo ya nyanda za juu hulisahau. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mark X ya kizazi cha pili yenye injini ya lita 2.5 ilipimwa Japani kuwa na nguvu za farasi 203. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, nguvu hizo hukaribia 170. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Wanaoiona Subaru ikiipita Mark X kwenye mteremko na mlima wa Limuru na kusifu magurudumu manne, mara nyingi wanasifu kifaa kisichohusika.

Wala uchaguzi haumlazimishi mtu kuchagua kati ya kampuni mbili. Toyota iliunda pia Mark X ya magurudumu yote, na baadhi yake huuzwa bila mnunuzi kutambua. Nambari ya chasi hueleza: katika injini ya lita 2.5, GRX120 na GRX130 ni za mfumo wa nyuma, ilhali GRX125 na GRX135 ni za magurudumu yote. Subaru nayo, ilipotaka gari jepesi la kuburudisha dereva, ilishirikiana na Toyota kuunda BRZ ya mwaka 2012, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. BMW ilielekea kinyume: M5 iliyozinduliwa 2017, yenye nguvu za farasi 600, ikapewa magurudumu yote kwa kuwa tairi mbili zilikuwa zimezidiwa, ingawa dereva anaweza kuamuru nguvu zote ziende nyuma.

Kwa dereva ambaye mwaka mzima huzunguka kwenye lami, kutoka nyumbani hadi kazini na mara moja moja hadi Mombasa, mfumo wa nyuma unamtosha. Fedha atakazookoa azitumie kwa tairi bora, kwani tairi nzuri kwenye gari la nyuma huzidi tairi mbovu kwenye magurudumu manne, hasa katika kusimama. Anayekwenda mashambani kila mwezi, mvua isipomngoja afike, ana sababu halisi ya kugharimia magurudumu yote. Lakini yeye naye akumbuke kwamba gari la kasi huwa chini sana, na tope likifika tumboni mwa gari hakuna mfumo utakaolinasua.

Kanuni inayozuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyozidi umri wa miaka minane nayo inapunguza uchaguzi. Mitsubishi ilikomesha utengenezaji wa Lancer Evolution miaka ya 2015 na 2016, na Mark X ikafikia mwisho mnamo Desemba 2019. Lancer zinazouzwa sasa ni zile zilizokwisha kutembea kwenye barabara za humu nchini, nyingine mikononi mwa wamiliki wanne au watano, na wengi wao hawakuzinunua ili waziendeshe pole pole.

Ndiyo maana ukaguzi ni muhimu kuliko ubishi. Gari la magurudumu yote liendeshwe kwanza hadi lipate joto, kisha lizungushwe polepole kwenye uwanja wa lami huku usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho. Likisitasita na kurukaruka kana kwamba breki imeshikwa, difu ya katikati huenda imekwisha au tairi hazilingani. Tairi zote nne zikaguliwe kama ni za aina moja na zimechakaa sawasawa. Kwa gari la mfumo wa nyuma, fundi asikilize mlio wa difu likiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, achunguze mtikisiko wa propela, kisha aangalie tairi za nyuma peke yake. Zikiwa zimelika vibaya ilhali za mbele ni nzima, mwenye gari aulizwe lilikuwa likichezewa wapi.