Daftari la Mtaa

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, na mazoea ya kuita majina hayajanitoka. Ninalo bado daftari la chama chetu cha kuzikana, hapa Mji Mkongwe, Unguja.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi yalitaifishwa, nasi tukapewa humo makazi, wengine tukitoka Ng'ambo, wengine mashamba. Hatukujuana. Chama ndicho kilichotufanya majirani.

Miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa. Nyumba zikaanza kuuzwa, na nyingi baadaye zikawa hoteli. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuhifadhi mji, na mwaka 2000 UNESCO ikautia katika Urithi wa Dunia. Mawe na milango ya nakshi vikapata mlinzi, jirani hakupata.

Sisemi mji ni wetu peke yetu. Nyumba niliyoingia ilikuwa na wenyewe. Wao waliondoshwa kwa amri; sisi twaondoshwa kwa fedha.

Juzi tulipozika, ilibidi tuwaite wenzetu waliohamia nje ya mji waje kubeba jeneza. Walikuja, alhamdulillahi. Basi wanaouhifadhi mji wasihesabu milango tu. Waombe na daftari hili.