Makere: ramani iliyochorwa na mbung'o

Ukipanda basi Kasulu kuelekea Kibondo, utapita Makere. Nyumba zimejipanga kando ya barabara, linafuata pori la miombo, kisha nyumba tena. Mgeni anaweza kudhani Waha wamekaa hivyo tangu enzi za mababu. Wapi! Mdudu mmoja ana mkono wake katika ramani hiyo: mbung'o, mwenye kueneza malale.

Zamani familia za Waha zilitawanyika, kila moja na mashamba yake, na ardhi ikichoka wanahama. Kulima na kuchoma majani kulimweka mbung'o mbali, maana mdudu huyu anapenda kivuli cha miti na damu ya wanyama kama ngiri na pongo. Halafu mambo yakaharibika. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifyeka ng'ombe Afrika Mashariki yote. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia Kigoma vitani. Alipokuja Mwingereza mwaka 1921, mkoa ukageuzwa ghala la vibarua: vijana wakaenda manamba kwenye mkonge. Nani abaki kufyeka? Pori likarudi, na mbung'o nalo.

Hoja hii si ya vijiweni. John Ford, aliyefanya kazi miaka mingi katika idara za mbung'o, aliiandika mwaka 1971, na Helge Kjekshus akaishikilia kwa upande wa Tanganyika mwaka 1977.

Dawa ya mkoloni ilikuwa ipi? Kuhamisha watu. Jambo hilo lilishafanyika Uganda, ambako malale iliua watu wanaokadiriwa kufikia robo milioni mwanzoni mwa karne ya 20. Gavana Hesketh Bell aliamuru watu waondolewe ufukweni, na kufikia mwaka 1909 hata wakazi wa visiwa vya Ssese na Buvuma walikuwa wanahamishwa. Zaidi ya miaka kumi ilipita kabla hawajaanza kuruhusiwa kurudi.

Huku kwetu Dk. George Maclean alipindua mpango: badala ya kuwatoa watu visiwani, akatengeneza visiwa vya watu katikati ya pori. Familia nyingi zinakusanywa mahali pamoja, zinafyeka miti yote, mbung'o anakosa kivuli. Mwaka 1933 mpango huo ukaanza Kasulu na Kibondo. Haukuwa wa hiari. Na maofisa waliona faida nyingine: aliyekaa kando ya barabara ni rahisi kumpima damu, na ni rahisi pia kumdai kodi.

Tuwe wakweli: ndani ya maeneo yaliyofyekwa, hatari ya kuumwa na mbung'o ilipungua. Malale ya huku, tofauti na ile ya Afrika Magharibi, inaweza kuua ndani ya miezi michache, kwa hiyo hilo si jambo dogo. Lakini vijidudu vyake huishi ndani ya wanyama pori pia. Ukiliacha pori, umemwachia mbung'o na wanyama wake. Mahame yakageuka misitu, na aliyefuata asali au kuni huko alirudi na homa.

Kisha tukazoea. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakakusanywa tena, safari hii kwa jina la ujamaa. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, jirani na Makere, kwa wakimbizi wa Kongo. Sababu tatu tofauti, fikra ileile: wakusanye kwanza, maelezo baadaye.

Leo wagonjwa ni wachache sana, na hapo ndipo penye hatari. Homa ikianza, kila mtu hufikiria malaria. Bila mtu wa maabara anayejua kumtambua mdudu kwenye darubini, mgonjwa anameza dawa za malaria mpaka vijidudu vinafika kwenye ubongo. Dawa ya hatua hiyo ilikuwa sindano yenye arseniki, iliyoua baadhi ya waliotibiwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli. Ni hatua kubwa, ila kidonge hakimsaidii mtu ambaye hajapimwa.

Mkoloni aliweza kuhamisha tarafa nzima ili ampime mtu damu. Sisi tunashindwaje kuhamisha darubini moja ikamfuate mrina asali kijijini kwake?