Eksirei na Mwangwi

Miongoni mwa mambo ambayo maumbile yameyaficha machoni pa binadamu, ni machache yaliyotafutwa kwa hamu kubwa kama hali ya mtoto aliye tumboni mwa mamake. Kwa karne nyingi mkunga hakuwa na chombo ila viganja vyake na sikio lake. Alipapasa tumbo akakisia kichwa kilipo na miguu ilipo, akatega sikio kuusikiliza moyo mdogo ukipiga, na mara nyingi alikisia kweli. Alipokosea, kosa lake lilifichuka siku ya uchungu, wakati ambapo nafasi ya kulirekebisha ilikuwa imekwisha pita.

Mwezi wa Novemba 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, profesa Wilhelm Röntgen aligundua miali isiyoonekana kwa macho, ipenyayo nyama lakini ikazuiwa na mifupa. Miali hiyo ndiyo eksirei. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, madaktari wa Ulaya na Marekani waliielekeza kwenye matumbo ya wajawazito ili wapime upana wa nyonga, au wajue kama mtoto amekaa sawasawa, au kama ni pacha. Hawakuwa na nia mbaya. Picha ilipigwa kwa muda mfupi, mama hakusikia maumivu, akarudi nyumbani salama. Basi nani angeshuku? Imani katika miali hiyo ilikuwa kubwa hata maduka ya viatu, Marekani na Uingereza, yaliweka masanduku ya eksirei ili mzazi atazame vidole vya mtoto wake vilivyokaa ndani ya kiatu kipya! Msomaji asicheke sana, kwani tutakutana na duka la namna hiyo tena, katika siku zetu wenyewe.

Aliyeshuku alikuwa mwanamke, Daktari Alice Stewart wa Oxford. Aliona kwamba saratani ya damu ilikuwa ikiwaua watoto wengi kuliko zamani, akataka kujua sababu. Hakuwa na fedha nyingi wala maabara kubwa. Alichokuwa nacho ni wazo jepesi: awaulize akina mama. Alitunga orodha ya maswali, na kwa msaada wa maofisa wa afya wa wilaya maswali hayo yakafikishwa kwa kina mama wa Uingereza na Wales ambao watoto wao walikuwa wamekufa kwa saratani kati ya mwaka 1953 na 1955, kabla ya kutimiza umri wa miaka 10. Maswali yale yale waliulizwa kina mama wengine ambao watoto wao walikuwa hai na wazima. Majibu yalipolinganishwa, tofauti moja ilijitokeza dhahiri: kina mama waliofiwa walikuwa wamepigwa picha ya eksirei ya tumbo wakati wa mimba mara mbili hivi kuliko wale wengine. Stewart alitoa habari hiyo kwa ufupi mwaka 1956, na kwa ukamilifu mwezi wa Juni 1958.

Yafaa tuwe waadilifu katika kulieleza jambo hili. Si kila mtoto aliyepigwa miali aliugua. Walio wengi sana walikua wakawa watu wazima wenye afya. Hatari kwa mtoto mmoja ilikuwa ndogo, lakini hatari ndogo ikizidishwa kwa maelfu ya mimba huwa makaburi ya kuhesabika. Hata hivyo madaktari wengi walimpinga. Walisema kwamba mama mwenye majonzi hukumbuka kila jambo lililompata, na mama mwenye furaha husahau. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Jibu lake lilitoka Marekani mwaka 1962, pale Daktari Brian MacMahon alipoacha kumbukumbu za watu akafuata maandishi ya hospitali 37, yenye habari za watoto zaidi ya 700,000. Yeye pia aliona kwamba vifo vya saratani vilizidi kwa kadiri ya asilimia 40 kwa watoto waliopigwa miali tumboni. Juu ya hayo, miaka mingi ilipita kabla ya desturi ile kuachwa.

Sasa tazama jinsi majira yalivyokutana. Mwezi ule ule wa Juni 1958, gazeti jingine la madaktari lilichapa makala ya Profesa Ian Donald wa Glasgow na wenzake, Daktari John MacVicar na fundi kijana Tom Brown. Donald alikuwa ametumika katika jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, na huko alijua habari za vyombo vinavyotuma mawimbi na kupokea mwangwi. Mwaka 1955 alipakia garini uvimbe uliotolewa matumboni mwa wagonjwa wake, akaupeleka kwenye kiwanda cha mitambo ya mvuke kilichokuwa Renfrew, mahali ambapo mawimbi ya sauti yalitumiwa kutafuta nyufa ndani ya chuma. Kiwanda kikampa kipande cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Uvimbe wenye maji na uvimbe wa nyama tupu ulirudisha mwangwi wa namna mbalimbali, na hivyo ndivyo altrasaundi ya uzazi ilivyoanza. Baadaye mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani ya tumbo isiyopasulika alionekana kwa chombo hicho kuwa na kifuko kikubwa cha maji kwenye ovari, akapasuliwa, akapona.

Lipo jambo moja katika makala ile ambalo halitajwi sana, nami naliona kubwa kuliko picha zenyewe. Donald na wenzake walijaribu kwanza mawimbi yao juu ya watoto wa paka, wakachunguza ubongo wao, wasione dhara. Swali ambalo eksirei haikuulizwa, mwangwi uliulizwa mapema.

Tangu hapo chombo kimekuwa chepesi na kimetoka hospitali kuu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mjamzito apimwe altrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24. Katika miji yetu ya Kenya, wengi huipata kwa kulipa katika zahanati za watu binafsi, na hapo ubora wa kazi umo katika mkono na jicho la mpimaji. Mashine nzuri mkononi mwa asiyefunzwa hutoa tarehe ya uongo, au humtuma mama nyumbani na amani isiyo na msingi. Hata mawimbi yenyewe hupasha mwili joto kidogo, kwa hiyo kanuni ni kutumia nguvu ndogo na muda mfupi utoshao. Wakuu wa afya wa Marekani wamewaonya watu dhidi ya maduka yanayouza picha za mtoto tumboni kwa ajili ya kumbukumbu tu, pasipo daktari kuziagiza. Hilo ndilo duka la viatu nililolitaja.

Lakini madhara makubwa kuliko yote yaliyoletwa na chombo hiki hayakutoka katika mawimbi. Huko Bara Hindi, zahanati za binafsi zilianza kuuza habari moja tu: ni mvulana au msichana? Nyumba zilizotaka wavulana zililipa, na mimba za wasichana zikatolewa. Hesabu ya watu ya mwaka 1991 ilikuta wasichana 945 kwa kila wavulana 1,000 wenye umri usiozidi miaka 6; mwaka 2001 wakawa 927. Sheria ya mwaka 1994 ilikataza mpimaji asiitaje jinsia ya mtoto hata kwa ishara, ikaamuru kila chumba cha kupimia kiandikishwe. Mwaka 2006, katika jimbo la Haryana, daktari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 2 kwa kuivunja. Hesabu ya mwaka 2011 ilikuta wasichana 919.